Kushiba Vizuri kwa Pesa Kidogo: Mafunzo Tisa Niliyopata Katika Hoteli za Kihindi

Watu wengi wa Dar es Salaam hupita nje ya hoteli ya Kihindi, wakanusa samli na vitunguu vinavyokaangwa, kisha wakaendelea na safari yao. Wanaamini humo ndani ni kwa wenye nazo. Mimi nimefanya kazi katikati ya jiji kwa miaka mingi, kwa mshahara wa kawaida kabisa, na chakula changu cha mchana nimekipata mara nyingi katika mitaa ya Kisutu, Zanaki, Jamhuri na kule Upanga. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba katika jiko la Kihindi, chakula cha bei ya chini ndicho mpishi anachokijua zaidi.

Sababu yake ni ya kale. India ina mamilioni ya watu ambao hawali nyama kabisa, wengine kwa dini, wengine kwa desturi ya ukoo. Kwa karne nyingi wapishi wao walielekeza ufundi wote kwenye jamii ya kunde, nafaka, mboga za majani, maziwa na viungo. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye pesa kidogo akiingia hapo hapewi kilichobaki baada ya matajiri kuchagua. Anapewa kile ambacho jiko lile lilijengwa kwa ajili yake. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu namna ya kukipata.

1. Jua jiko ni la wapi kabla hujaagiza

Kusema "chakula cha Kihindi" ni kama kusema chakula cha Kiafrika: ni neno moja kwa majiko mengi. Jiko la Kigujarati ni la mboga. Dal yake, yaani mchuzi wa jamii ya kunde, ina utamu kidogo wa sukari guru na uchachu wa ukwaju au ndimu, na chapati zake ni nyembamba, zimepakwa samli. Jiko la Punjab ni la tanuri: humo ndimo kuna mkate wa naan, kuku wa kuchomwa, jibini la paneer na dal makhani nzito yenye siagi. Jiko la kusini ni la dosa, idli, sambar na chatini ya nazi. Kisha kuna majiko ya Waislamu wenye asili ya India, Mabohora na Makhoja, yenye biriani, kababu na kuku paka, yule kuku wa tui la nazi ambaye ni mtoto wa pwani yetu hii hii.

Menyu nyingi za mjini hujaribu kuwa na vyote hivyo, na hapo ndipo pesa hupotea. Ukiagiza dosa kwenye jiko la tanuri, unalipia chakula ambacho mpishi hukipika mara moja moja, kwa viungo vilivyokaa. Dalili mbili hunisaidia. Ya kwanza ni meza za wenzangu: saa saba mchana, sahani inayojirudia kwenye meza nyingi ndiyo kazi halisi ya jiko lile. Ya pili ni wazee wa Kihindi waliokuja kula na familia zao. Wanachoagiza wao bila kufungua menyu, nakiulizia jina, na mara nyingi ni cha bei ya chini.

2. Thali ya mchana ndiyo mlo kamili kuliko yote

Thali ni sinia la chuma lenye vibakuli vidogo. Kwenye thali ya Kigujarati utakuta mboga mbili, mara nyingi moja ya mchuzi na nyingine kavu. Kibakuli cha dal, au cha kadhi, yaani mchuzi wa mtindi na unga wa dengu. Chapati kadhaa, wali, papadi, kachumbari, achari, glasi ya maziwa ya mtindi yaliyopigwa na kutiwa chumvi na binzari nyembamba, wanayoyaita chaas, na kitu kitamu kidogo. Chumvi, uchachu, utamu na ukali vyote vimo kwenye sinia moja. Ukivinunua kimoja kimoja kwenye menyu, bili yako itazidi bei ya thali kwa mbali.

Bei hushuka kwa sababu ya namna thali inavyopikwa. Jiko huanza asubuhi kwa masufuria makubwa, na mboga ni ile iliyojaa sokoni siku hiyo. Msimu wa bamia utakula bamia; biringanya zikishuka bei utakula biringanya. Hakuna anayewasha jiko upya kwa ajili yako peke yako. Wewe unapata mboga mbichi iliyoiva kwa wakati, na mwenye hoteli anapata faida kwa wingi wa walaji.

Kuna hoteli ambazo mhudumu hupita na ndoo ndogo ya dal na sahani ya chapati akikuongezea mpaka useme basi. Kuna nyingine ambazo kilichopo kwenye sinia ndicho hicho. Uliza kabla ya kukaa: "Kaka, thali mnaongeza?" Jibu lake litakuambia ule vipi. Penye kuongezwa, naanza na chapati na mboga kavu zikiwa bado za moto, kisha wali na dal, nafunga na chaas ambayo hutuliza tumbo baada ya viungo. Nikijua kuna kitu sitakila, nakirudisha kabla sijakigusa. Chakula kilichobakizwa kwenye thali ya kuongezwa ni uharibifu, na wenye hoteli huuona.

Zingatia saa. Katika hoteli nyingi thali ni ya mchana wa siku za kazi. Ukija saa mbili usiku utapewa menyu nyingine yenye bei nyingine.

3. Dal ndiyo kipimo cha jiko, na ni chakula chetu pia

Nikifika hoteli nisiyoijua, naagiza dal. Ikiwa nzuri, vingine vyote navyo vitakuwa vizuri, kwa sababu dal haina nyama wala krimu ya kuficha uvivu wa mpishi.

Mpishi mmoja wa Upanga, mtu wa Rufiji aliyeanza kazi hapo kwa kuosha vyombo, aliwahi kuniruhusu nisimame mlangoni mwa jiko lake nimwone akimalizia. Dal ilikuwa imeshachemka na manjano na chumvi, imelainika, ina rangi ya dhahabu. Akaweka samli kwenye kikaangio kidogo. Ilipoanza kufuka moshi mwembamba akatupa binzari nyembamba, ikapasuka na kutoa harufu papo hapo. Kikafuata kitunguu saumu, pilipili mbili kavu na mvuje kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Hakuondoa macho hata mara moja. "Kaka, nikizubaa hapa saumu inaungua, na sufuria lote linakuwa chungu," akasema, kisha akaimwaga ile samli juu ya dal kwa mlio mkubwa na kuifunika haraka ili mvuke usitoke. Kazi hiyo yote haikufika dakika mbili, na ndiyo iliyogeuza kunde za kuchemsha kuwa chakula cha kukumbukwa. Ninapolipa bili ya dal, ninalipia zile dakika mbili.

Na hiyo dal ya njano ambayo hoteli nyingi huipika imetokana na mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa. Mbaazi hizo tunazilima sisi: Lindi, Mtwara, Manyara na kwingineko, na sehemu kubwa ya mavuno husafirishwa kwenda India. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, bei ilianguka huku kwetu na wakulima wakabaki na magunia ndani. Kwa hiyo mtu anayekula dal Kisutu hali kitu cha kigeni. Anakula zao la shamba la Mtanzania mwenzake, kwa ufundi uliovuka bahari.

Kiafya nayo imetimia. Protini ya nafaka ina upungufu ambao jamii ya kunde huujaza, na ya kunde ina upungufu ambao nafaka huujaza. Bakuli la dal na wali, au dal na chapati, ni mlo unaojitosheleza hata usipoweka nyama.

4. Palipo na kazi ya usiku kucha, pesa yako imefanya kazi

Dosa na idli za kusini mwa India hutengenezwa kwa mchele na dengu ndogo nyeusi zilizomenywa, ambazo kwa Kihindi huitwa urad. Huloweshwa kwa saa kadhaa, husagwa, kisha uji wake huachwa uumuke usiku kucha. Asubuhi umejaa mapovu na una uchachu mwepesi. Ukimwagwa mwembamba kwenye chuma cha moto unakuwa dosa kavu ya rangi ya kahawia. Ukipikwa kwa mvuke unakuwa idli laini nyeupe.

Malighafi ni mchele, kunde na viazi vya kujaza ndani, vitu ambavyo kila nyumba inavyo. Unacholipia ni muda na mkono wa mtu. Masala dosa moja huja na sambar, ambayo ni mchuzi wa mbaazi na mboga wenye ukwaju, na chatini ya nazi, nayo hunitosha mpaka jioni. Idli ni nafuu zaidi na hazina mafuta, zinafaa asubuhi na zinamfaa mgonjwa au mtoto.

Baadhi ya vyakula vya bei nafuu kama hivi vilitokana na nyakati za kubana matumizi. Pav bhaji, ule mseto wa viazi na mboga unaoliwa na mkate wa siagi, ulianza Mumbai kwa wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliohitaji kula haraka na kwa bei ndogo. Mavalli Tiffin Rooms, hoteli ya Bengaluru iliyoanzishwa mwaka 1924, inasimulia kwamba mchele ulipoadimika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wapishi wake walijaribu idli za suji, na zikabaki kwenye menyu hadi leo. Ukiviona vyakula hivi, agiza bila wasiwasi. Vinawafaa watu wenye kipato kama chako.

5. Mkiwa wengi, agizeni kwa meza

Hapa ndipo nimeona pesa nyingi zikipotea. Marafiki wanne wanakaa, na kila mmoja anaagiza kuku wake, naan yake na soda yake. Wote wamekula kitu kimoja, wamebakiza mchuzi, na wamelipa sana.

Chukua bei za mfano. Tuseme bakuli la kuku wa mchuzi ni shilingi 18,000, naan 3,500 na soda 2,000. Kila mtu analipa 23,500, na meza nzima 94,000. Sasa wanne hao hao waagize bakuli moja la kuku kwa 18,000, dal kwa 10,000, bamia au biringanya kwa 10,000, sahani moja kubwa ya wali kwa 6,000, roti sita za tanuri kwa 2,000 kila moja, na chupa kubwa ya maji kwa 3,000. Jumla ni 59,000, yaani 14,750 kwa kila mtu. Wameokoa 35,000, na kila mmoja ameonja vitoweo vitatu badala ya kimoja.

Hivyo ndivyo familia za Kihindi zinavyokula. Mabakuli huwekwa katikati, kila mtu anachota kidogo kidogo, na nyama ni kitoweo kimoja kati ya vitatu. Wale waliokaa meza ya jirani na bili ndogo hawajinyimi. Wanafuata mpangilio ambao chakula chenyewe kiliandaliwa nao.

Kanuni yangu ni bakuli moja la nyama, moja la kunde na moja la mboga kwa watu watatu au wanne. Na vitoweo visifanane. Ukichukua kuku wa siagi, usimwongezee paneer ya mchuzi ule ule wa nyanya na krimu. Chukua kimoja kizito, kimoja chepesi na kimoja kikavu.

6. Biriani husimama peke yake

Biriani ya kweli imepangwa tabaka kwa tabaka, nyama na masala chini, wali wa zafarani juu, na imefunikwa ikaiva kwa mvuke wake. Kila kitu kimo ndani. Huja na kachumbari au mtindi, na hivyo tu vinatosha. Kuiagizia bakuli jingine la mchuzi na naan pembeni ni kulipa mara mbili kwa mlo mmoja. Hoteli nyingi za Waislamu hupika biriani nyingi Ijumaa, na sufuria linalopakuliwa mfululizo huwa na biriani bora kuliko lililopashwa moto kwa mteja mmoja.

Kwa upande wa mkate, jua tofauti. Naan ni ya unga mweupe, mara nyingi na siagi juu, na ndiyo ghali. Roti ya tanuri ni ya unga wa ngano isiyokobolewa, nafuu, na hushibisha zaidi. Agiza chache kwanza, uongeze kadiri mnavyokula. Roti iliyopoa kwenye kikapu ni pesa iliyopoa.

7. Bili hupandishwa na vya pembeni

Soda, juisi, vitafunio vya kutangulizia na vitu vitamu vya mwisho vinaweza kufika nusu ya bili bila mtu kuhisi. Napenda lassi, lakini glasi kubwa ya lassi ni chakula: mtindi na sukari. Nikiinywa, napunguza mkate. Chaas ni nafuu zaidi na hukata kiu vizuri kuliko soda. Papadi nyingine huletwa bure na nyingine huandikwa kwenye bili, kwa hiyo usivunje kabla ya kuuliza.

Siku ambayo mfuko umekaza kweli, huhitaji kukaa mezani kabisa. Maduka ya vitafunio ya Kihindi mjini huuza kachori, bajia za dengu na sambusa za mboga kwa kipande, pamoja na chatini ya ukwaju au ya kotimiri. Vipande vichache na chai ya maziwa yenye tangawizi na hiliki, na jioni imepita salama.

8. Kuuliza ni haki yako

Wageni wengi huona haya. Wanaogopa kuonekana hawana, basi wanaagiza wasichokijua na kulipa wasichokitarajia. Mimi nauliza mambo manne kila mara: bakuli hili linatosha watu wangapi? Kuna nusu? Pilipili ni kiasi gani? Bei hii imeshaingiza kodi na tozo ya huduma? Swali la mwisho ni muhimu hasa kwenye hoteli kubwa, maana bei ya menyu isiyo na VAT huonekana ndogo mpaka bili ifike.

Adabu hufungua milango. Pale ninapokula mara kwa mara, mama mwenye hoteli hukaa mwenyewe kwenye kaunta. Ninaingia na kusema, "Shikamoo mama, leo kuna nini kizuri?" Naye hujibu, "Marahaba. Chukua biringanya, zimeingia asubuhi." Hajawahi kunielekeza kwenye kitu cha bei kubwa. Mwenye jiko anayejivunia kazi yake anataka ule kilicho bora siku hiyo, na kilicho bora siku hiyo kwa kawaida ni mboga ya msimu.

Ikiwa una mwiko wa chakula, useme mapema. Hawa ni wapishi waliozoea miiko. Wajaini hawali kitunguu, saumu wala viazi, Waislamu wanataka halali, wengine wamefunga siku fulani ya wiki. Ombi lako halitawashangaza.

9. Kilichobaki ni chako

Ukishiba na dal bado ipo, sema, "Dada, nifungie hii." Dal na michuzi ya kunde huwa na ladha zaidi kesho yake, viungo vikishakolea. Weka kwenye friji mara ufikapo, na ukiipasha iache ichemke kabisa. Wali uwe mwangalifu nao zaidi. Ukikaa kwenye joto la Dar kwa saa nyingi huharibika bila kunuka, kwa hiyo uule siku hiyo au upoze upesi.

Na katika kuokoa kwako, usiokoe kwa mhudumu. Huyo ndiye aliyekuambia dal ya leo ni nzuri na naan ya pili huihitaji. Thali ikikugharimu nusu ya ulichopanga kutumia, mwachie chochote.

Kama hujawahi kuingia, anza mchana wa siku ya kazi. Tafuta hoteli ambayo wafanyakazi wa ofisi na wazee wa Kihindi wanakula pamoja, uliza thali, kaa, nawa mikono, na ule kwa utulivu. Ukitoka hapo hutakuwa na hofu tena na menyu. Siku ukiwa na wageni utajua kuwaagizia meza nzima, na siku ukiwa na noti moja tu mfukoni utajua kwamba bakuli la dal na roti mbili ni chakula cha heshima kwa mtu yeyote.